Vidole Vinane vya Binti Shuka

Uligeuza uso. Usianze kutafuta maneno, ulionekana. Mwanamke alikuletea furushi la shuka mlangoni, limekunjwa kona kwa kona, jeupe kama maziwa. Ukanyoosha mikono kulipokea, ukauona mkono uliolishika, na papo hapo macho yako yakakimbilia kwenye simu. Hata asante yako uliiambia simu. Yule mwanamke amezoea. Watu wenye adabu zao wamemfanyia hivyo kwa miaka ishirini na miwili, na kila mmoja alidhani anamstahi. Basi safari hii tulia. Kisa hiki kina mkono ndani yake, na mkono huo utatazamwa.

Mwanamke huyo ni Shangazi. Binti wa kaka yake, aliyemlea tangu mdogo, ni mchora mabango. Mtaani wanamwita Brashi, naye jina hilo amelivaa kama cheo, maana hakupewa na shule yoyote. Aliacha darasa akiwa na miaka kumi na mitatu, akajifunza herufi kwa kunakili milango ya maduka, akajifunza nyuso kwa kusimama vituo vya basi bila safari. Akichora bango la saluni, mteja anaziona nywele kabla hajasoma neno. Kinyozi mmoja aliwahi kumlalamikia kwamba kichwa alichomchorea ukutani ni kizuri kuliko vichwa vyote vinavyotoka ndani, na kwamba anamharibia biashara.

Kwa miaka miwili Brashi alikuwa na kazi nyingine, aliyoifanya kwenye migongo ya mabango yaliyokataliwa. Alikuwa anachora kitabu. Riwaya ya picha, kurasa tisini na sita. Aliwachukua watu wa hadithi za utotoni, wale ambao sote tulitishwa nao ili tulale, akawaleta kwenye zama hizi na kuwaajiri wote katika kiwanda kimoja cha kufulia nguo.

Zimwi wake si jitu la manyoya la msituni. Amevaa shati la mikono mirefu, ofisi yake ina kiyoyozi, anaongea polepole na kila mtu anamwita "mpendwa". Sungura ndiye mnyapara. Ni mjanja yule yule uliyempigia makofi tangu utotoni, na hukuuliza hata siku moja ujanja wake uliwaumiza akina nani. Fisi anafungua geti. Anakula kilichobaki, anachekwa, na akichekwa anacheka pia, maana ana watoto. Katikati yao yupo Binti Shuka, msichana wa rola. Rola ni mashine ya kupigia pasi shuka: magogo mawili ya chuma, ya moto kama jiko, yanazunguka yakiwa yamebanana. Shuka inaingia mbichi upande huu, inatoka kavu upande ule.

Mhariri wa kampuni ya vitabu aliupenda mswada huo mpaka akampigia Brashi simu mara mbili kwa siku moja. Mashine za kuchapa zingeanza kazi baada ya siku tisa. Lakini Brashi hakutaka kitabu kiingie mashineni kabla hakijaingia nyumba moja. Hadithi zile hakuziokota njiani. Alizipata kwa Shangazi, na mtu hapiki kwa sufuria ya mwenzake kisha asimwonjeshe.

Alifika Jumamosi saa nane mchana, kurasa zote ziko kwapani ndani ya jalada la kadibodi. Shangazi alikuwa na mgeni, Bi Vifungo, mwenzake wa kazini katika kiwanda cha kufulia, ambaye kazi yake ni kushona vifungo vya sare za wauguzi na starehe yake ni kuwafungua watu midomo.

"Shikamoo Shangazi. Shikamoo Bi Vifungo."

"Marahaba," Shangazi akasema. "Umekonda."

"Amekonda wapi," Bi Vifungo akadakia. "Mashavu tu. Kwingine kote ipo akiba."

Shangazi alifuta meza kwa kitambaa, akaifuta tena, akanawa mikono, akaikausha kwenye khanga. Ndipo akasema, "Haya, weka."

Walisoma wakiwa wamebanana bega kwa bega, Shangazi akifunua kurasa kwa mkono wa kushoto, Bi Vifungo akizitolea hukumu.

"Huyu Fisi si yule mlinzi wetu? Tazama anavyoliegemea geti kama analichumbia."

"Sikumchora yeye, Bi."

"Basi amekuja mwenyewe. Na Sungura na kalamu yake sikioni, yule mnyapara wetu wa zamani mtupu. Wala masikio hukuwa na haja ya kumrefushia."

Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu. Brashi alikuwa amesimama nyuma yao na moyo wake umevimba kama andazi. Alikuwa amesifiwa na wenye maduka, na mhariri, na kinyozi kwa namna yake. Hakuna sifa iliyowahi kumwingia kama kile kicheko.

Kwenye ukurasa wa thelathini na moja Bi Vifungo alinyamaza. Aliutazama ukurasa, akamtazama Shangazi, akarudi kwenye ukurasa. Ukimya wa Bi Vifungo ulikuwa kitu kigeni katika nyumba ile, na wote watatu waliusikia.

"Mwanangu," akasema taratibu. "Zimwi wako ana vidole vingapi?"

"Kumi, Bi. Kama sisi," Brashi akajibu, na hapo hapo akaona.

Katika ukurasa ule Zimwi anatia sahihi karatasi. Mkono wa kulia umeshika kalamu: kidole gumba, cha shahada, cha kati. Baada ya hapo ni visiki viwili vifupi, vilaini, vinavyong'aa. Brashi akafunua ukurasa uliofuata. Akafunua wa arobaini, wa hamsini na nane, wa themanini. Kila Zimwi aliponyoosha mkono, ulikuwa mkono ule ule. Picha sitini na moja. Miaka miwili kiganja chake kilichora bila kukiuliza kichwa, na kichwa kikapita juu ya kila picha kikiona kila kitu kiko sawa, kwa sababu kwake yeye mkono wa Zimwi ndivyo ulivyo.

Shangazi alikuwa ameshaona. Alikuwa ameuweka mkono wake wa kulia chini ya meza, mapajani, juu ya khanga.

Hapa lazima turudi nyuma. Na anayesema yaliyopita si ndwele, huyo hajawahi kupitiwa na rola.

Miaka ile Shangazi alikuwa akirudi kutoka kazini, anavua viatu, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kabla hajala anawauliza watoto wa nyumba, "Nani ana masikio?" Wanajibu, "Sote." "Basi yafungueni." Hakusimulia kwa mdomo peke yake. Zimwi akiingia, mkono wa kulia wa Shangazi ndio uliokuwa Zimwi. Ulitambaa ukutani, ulikwaruza mlango, ulimeza watu kumi kwa mpigo kwa kufumba ngumi. Na kila kisa cha Zimwi kiliishia mahali pamoja. Zimwi akielekea kufa husema, nikateni kidole changu kidogo. Kikikatwa, wote aliowameza wanatoka humo wazima, na mbuzi wao, na vyungu vyao. Hapo Shangazi alifumbua ngumi, na watoto wakapiga kelele kuwapokea waliotoka.

Kisha ikaja Jumanne moja. Mbele ya kila rola hukaa chuma chembamba wanachokiita kinga. Mkono ukikigusa, mashine inasimama yenyewe. Jumanne hiyo shuka za hoteli zilikuwa zimerundikana, na mashine ya tatu ilikuwa inasimama mara kwa mara, kwa sababu kinga ilikuwa inafanya kazi yake. Mnyapara akaja na spana, akaifungua, akaiweka juu ya dirisha. Saa nne asubuhi shuka ilikunjamana, Shangazi akanyoosha mkono kuinyoosha. Karatasi ya kiwanda iliandikwa maneno matatu: uzembe wa mfanyakazi. Shangazi aliyasoma mara moja, na tangu siku hiyo hajahitaji kuyasoma tena.

Brashi alikuwa na miaka saba. Aliiona bandeji, akauliza, jirani akamwambia kidole kidogo kimekatika, na kilichokaa karibu nacho. Mtoto aliyelelewa kwa hadithi akafikiri kama mtoto aliyelelewa kwa hadithi. Akaenda kukaa kizingitini kuwasubiri watu watoke. Alingoja mpaka miguu ikafa ganzi. Hawakutoka. Akaingia ndani, akasimama mbele ya kitanda cha mtu mwenye maumivu, akauliza, "Uliowameza wako wapi?"

Shangazi hakumjibu. Na hakusimulia tena. Hakuna aliyemkataza. Ile ndoo ilirudi kuwa ndoo tu. Brashi alikua akilibeba swali lile kama jiwe kiatuni, akijipa moyo kwamba mwenzake amelisahau.

Sasa, mezani, Shangazi alisema, "Uliniuliza wako wapi."

"Nilikuwa mtoto, Shangazi."

"Najua ulikuwa mtoto, mimi ndiye niliyekuwa nakuogesha. Swali lenyewe lilikuwa la haki. Nilikosa jibu."

Bi Vifungo alianza kuinuka. "Ngoja niwaachie..."

"Kaa. Umeanzisha wewe." Shangazi aliutoa mkono chini ya meza, akauweka juu ya ukurasa, pembeni ya mkono uliochorwa. Ulifanana mpaka kovu. "Umejua kuchora," akasema. "Hilo sikunyimi. Lakini mkono huu ni wangu, na umempa mtu ambaye hajapoteza hata ukucha. Zimwi mrudishie vidole vyake vyote kumi. Anavyo. Mimi nimeviona, vinang'aa. Na mkono wangu mpe Binti."

"Shangazi, ni picha sitini na moja za Zimwi. Na Binti yumo karibu kila ukurasa. Zimebaki siku tisa."

"Kwani nilikuambia ni kazi ndogo?"

"Kufuta nako ni kazi," Bi Vifungo akasema. "Sisi tunafuta madoa ya watu tusiowajua. Wewe unafuta lako."

Brashi alihamia pale na wino wake, rangi nyeupe, wembe na gundi. Kwa siku sita, kuanzia alasiri Shangazi alipotoka kazini mpaka mwanga ulipoondoka dirishani, walifanya kazi uso kwa uso. Brashi alikata viraka vya karatasi kama anayetia kiraka suruali, akabandika, akachora upya juu yake. Shangazi aliweka mkono mezani namna anavyoambiwa: fungua, shika, sukuma, pumzisha. Hakuwahi kuombwa na mtu yeyote auweke mkono ule juu ya meza na kuuacha pale. Siku ya kwanza alikuwa anausahau na kuurudisha mapajani. Siku ya pili Brashi alimwambia aulegeze, naye akajibu kwamba mkono uliokunja shuka mia nne tangu asubuhi haulegei kwa kuambiwa. Kwenye kifundo kuliingia wino, hakuufuta.

Siku ya tatu, bila kuulizwa, akasema, "Nani ana masikio?"

Brashi akaweka wino chini. "Mimi."

"Basi yafungue. Hawakutoka, kwa sababu kidole kilichokatwa hakikuwa cha Zimwi. Wewe ulifuata hadithi vizuri, mama. Ila walimkata asiye mwenyewe. Zimwi alikuwa ofisini, na vyake vyote, na wale watu wote walikuwa bado wamo. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilimezwa nikiwa na miaka kumi na tisa. Watu hutuambia eti zimwi likujualo halikuli likakwisha. Langu lilinijua miaka minane. Likaanza na vidole."

Aliendelea mpaka giza likaingia, na kisa kikapata mwisho mwingine, ambao Brashi aliuchora kesho yake na keshokutwa. Binti Shuka, kwa mkono wake wa vidole vitatu, anavuta swichi kuu. Rola zote zinasimama. Kiwanda kizima kinanyamaza, na kwa mara ya kwanza watu waliofanya kazi pamoja miaka na miaka wanasikiana majina. Wakishasikiana, wanatoka. Zimwi anabaki ndani na kiyoyozi kisicho na umeme.

Siku ya nane walikwenda pamoja kwa mhariri. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu, ina vioo vingi na viti vinavyozunguka. Mhariri alikuwa kijana mstaarabu, hakuwa mtu mbaya, na hilo liandikwe, maana mabaya mengi hupitia mikononi mwa watu wasio wabaya. Alifunua kurasa moja moja. Mara mbili alisema, "Hii kali." Alipofika mwisho alikuna kidevu.

"Mama, kazi ni nzuri kuliko ile ya kwanza. Ila hizi ni hadithi za kale, na kwenye hadithi za kale lolote linawezekana. Nilikuwa nafikiri, pale Zimwi anaposhindwa, vidole vya Binti viote tena. Picha moja tu. Msomaji afunge kitabu akiwa na tumaini."

"Viote," Shangazi akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ningependa. Miaka ishirini na miwili navichungulia kila asubuhi. Havijaota."

Mhariri alitabasamu kwa haya, akageukia jalada la kitabu. "Na hapa mbele, Binti amenyanyua mkono. Tumshushe, au tumpe glavu. Mzazi akiona dukani jalada lenye mkono kama huu, atarudisha kitabu rafuni."

Brashi alijua anachotaka kusema, na alijua kinaweza kumgharimu kitabu. Miaka miwili ya migongo ya mabango. Hakukuwa na mhariri mwingine aliyewahi kumpigia hata mara moja. Akasema, "Kikiota hata kidole kimoja, nachukua kurasa zangu."

"Tusifike huko, dada, tunazungumza tu."

"Mkono kama upi?" Shangazi akauliza.

Akauweka mkono juu ya meza ya kioo ya mhariri, wazi, kiganja chini, kama alivyokuwa ameuweka siku sita mfululizo. Mhariri akatazama glasi ya maji. Kisha akatazama dirisha.

"Siko huko, mwanangu. Niko hapa."

Akatazama.

"Niambie unachoona."

"Vidole vitatu, mama."

"Na nini tena?"

"Kovu."

"Na nini tena?"

Kijana yule, tumpe haki yake, aliinama na kutazama kweli. "Wino," akasema.

"Wino. Maana mkono huu umefanya kazi kwenye kitabu chako. Unakunja shuka mia nne kwa siku. Umemsuka huyu nywele mpaka alipojua kusuka mwenyewe, na umemchapa mara tatu, alistahili tano. Sasa wewe unanitafutia mwisho mwema, mimi nikiwa nimeketi mbele yako. Binti yupo, Zimwi ameshindwa. Ukiviotesha vidole, umemnawisha Zimwi mikono. Na mimi kazi ya kusafishia watu nimeshaifanya vya kutosha."

 Mhariri akachukua kifutio, akafuta alama aliyokuwa ameiweka kwa penseli kwenye ukurasa wa mwisho. Akavuta jalada, akafuta na ya pale.

"Libaki hivi," akasema. "Na hadithi tuandike ni ya nani?"

"Andika ya Shangazi yangu," Brashi akasema. "Picha zangu."

Wakashuka ngazi. Shangazi alikuwa mbele, na mkono ule ndio alioshikia reli, mbele ya kila aliyekuwa anapanda.

Kitabu kilitoka. Wanawake wa kiwandani walikisoma saa ya chakula, nakala moja vichwa sita, Bi Vifungo akiigiza sauti ya Fisi mpaka mlinzi mwenyewe akaja kuomba aonyeshwe alivyochorwa. Wiki ya tatu mwenye kiwanda akaipigia simu kampuni ya vitabu. Alikuwa na hasira. Alisema lile shati la Zimwi ni lake, kile kiti ni chake, na neno "mpendwa" kila mtu anajua nani huwa analisema. Brashi hakuwahi kukanyaga ofisi ya mtu huyo. Shati alilibuni, kiti alikibuni, hata kiyoyozi alikibuni. Alichora Zimwi wa kutunga, na wa kweli akanyoosha kidole juu mwenyewe, kama mwanafunzi, akasema yupo.

Kesho yake wanawake thelathini na saba walisimama mbele ya ofisi hiyo kabla ya zamu kuanza, kitabu kiko wazi mikononi mwa Shangazi. Hawakupiga kelele. Walidai kinga zirudishwe kwenye rola. Mwenye kiwanda alijibu kupitia mlango uliofungwa nusu kwamba kinga zipo stoo na fundi atazifunga. Wiki hiyo hiyo zilifungwa mbili.

Rola ni sita. Mbili zina kinga. Nne hazina, na zinazunguka sasa hivi unaposoma, na mbele ya kila moja amesimama msichana anayenyoosha shuka ya mtu. Fundi, wanaambiwa, yuko njiani.

Kwa hiyo inuka. Shuka unayolalia, kitambaa cha meza unayolia chakula, shuka aliyolalia mama yako hospitalini, vyote vinapigwa pasi mahali, na mahali hapo pana mlango. Uliza ni wapi. Nenda leo, kabla hawajafunga. Usiwaulize kama kinga zipo, maana watakuambia zipo. Omba uonyeshwe, moja moja, kwenye kila mashine, kwa macho yako. Wakikuambia fundi yuko njiani, waambie unamsubiri, ukae hapo hapo mlangoni mpaka afike. Na usitume mtu. Nenda wewe.